Bango la Wanyama Hatari

Mimi ni fundi wa mabango pale Garsen. Usiulize fundi wa namna gani. Ukiona kinyozi ambaye kichwa kilichochorwa ukutani kwake kina sikio moja, hiyo ni kazi yangu. Ukiona hoteli imeandikwa "Chai na Mahamri" na ile "i" ya mwisho imepanda juu ya dirisha kwa sababu ukuta uliisha, hiyo nayo ni yangu. Tatizo langu ni herufi ya kwanza. Naipenda mno! Naikunja, naipa kivuli, naipa na mkia, nikija kushtuka nusu ya ubao imekwenda na neno bado halijazaliwa. Wateja wamenikanya, mke wangu amenikanya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Naendelea vivyo hivyo mpaka leo.

Kwetu ni upande wa Kulesa. Wazee wetu walikuja kutoka kusini na majembe yao, wakapata ardhi kando ya Tana, wakadhani wamefika. Hawakujua kwamba huu mto wenyewe haujafika. Siku moja uliamua kuhama, kama ilivyo desturi yake, ukakata mkondo mpya upande wa pili wa msitu. Ule mkondo wa zamani haukufa kabisa. Wakati wa kiangazi unauvuka kwa miguu, maji yakikuishia magotini, na mafuriko yakija unakuwa mto tena. Msitu ukabaki katikati, tukauita Kisiwani. Shamba la mama, lililokuwa pembeni mwa msitu tangu kabla ya vituko hivyo, likajikuta kisiwani pamoja na wanyama.

Na wanyama wapo. Yupo mbega mwekundu, anayekaa juu kabisa mitini akila majani yake bila kumsumbua mtu. Yupo mangabe, nyani mwembamba mwenye kope nyeupe na mkia mrefu, ambaye majani si shida yake: yeye anataka mahindi. Hao wawili huwapati kokote duniani ila katika misitu hii ya kando ya Tana, na watu wa utafiti wakija husema wamebaki wachache mno, kwamba msitu ukizidi kukatwa watatoweka kabisa. Wapo funo, wapo komba, yupo sange, mdogo kama panya, na ile pua yake ndefu ya kunusa mambo ya watu. Wapo na viboko. Wanasema viboko nao wanapungua, ingawa mama hajaona dalili.

Ugomvi wa mama ulikuwa na mangabe peke yao. Aliwaita wakwe. "Wanakuja bila taarifa," alisema, "wanakula, hawashukuru, na kuwapiga huwezi." Kweli hakuweza, kwa sababu kijiji kilikuwa kimeunda kikundi cha kutunza msitu, na makubaliano yalikuwa kwamba mama aendelee kulima pale pale palipokuwa shamba, asikate mti, asimdhuru mnyama. Akajenga dungu, yaani ulingo wa miti, akawa anakaa pale juu akipiga debe na kuwatukana. Matusi hayakuwemo kwenye makubaliano.

Sasa mwenyekiti wa kikundi, jirani yetu, akanijia kibandani na kipande cha bati mgongoni. Wageni walikuwa wanatarajiwa, akataka bango la kuwekwa pale kwenye kivuko cha mkondo wa zamani. Maneno alikuwa nayo kichwani: "Kisiwa hiki ni makao ya wanyama walio hatarini kutoweka. Tuwatunze."

"Bati lenyewe dogo, mwenyekiti," nikamwambia.

"Wewe si fundi? Libane."

Akaenda zake Hola kwenye mkutano, akaniacha na bati na sifa ya ufundi.

Nikaanza na ile K. Haki ya Mungu, ilikuwa K ya kupiga picha nayo. Watu waliopita walisimama kuitazama, na mimi nikizidi kutazamwa nazidi kuongeza mikia. Nilipomaliza neno "KISIWA" bati lilikuwa limekwenda robo tatu kwa upana. Basi nikapunguza maneno. "Hiki ni makao ya" nikaigeuza "CHA". Chini yake nikaandika "WANYAMA". Nilipofika kwenye "walio hatarini kutoweka" nilikuwa na nafasi isiyozidi kiganja, na nilikuwa bado sijachora picha. Nikajaribu "HATARINI" kwa chaki. Ile "NI" ikaning'inia nje ya bati. Nikaifuta. Nikajisemea, ah, watu wetu si wajinga, wataelewa, mwenye macho haambiwi tazama.

Pembeni nikamchora mangabe. Kope nyeupe zilinishinda, na rangi iliyobakia ilikuwa nyekundu, kwa hiyo macho nikayapaka nyekundu. Mdomo nao haukukubali kufunga. Nikatia meno.

Nikalisimika bango mwenyewe kivukoni, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikalisoma kwa sauti: KISIWA CHA WANYAMA HATARI. Nilijiona nimemaliza.

Vijana wa Garsen walilipenda. "Fundi, hiyo kitu ni hatari tupu!" waliniambia, wakipiga picha mbele yake na vidole juu. Kwao hatari ni sifa, ni kitu kikali, kitu cha kuringia. Nikavimba. Mama hajui kusoma, lakini alikaa pale kivukoni akiwaonyesha wapita njia: "Limeandikwa na mwanangu hilo. Kalamu ya kwake." Hakuna aliyemwambia limesema nini, kwa sababu kila mtu alidhani mama mwenye shamba kisiwani ndiye anayejua zaidi.

Mahindi yakakomaa, yakakauka tayari kwa kuvunwa. Mwaka ule yalikuwa mahindi ya kumtoa mtu machozi, mabunzi makubwa, na hayo ndiyo yalikuwa chakula cha mama mpaka msimu mwingine, hapakuwa na ghala jingine. Redio ikaanza kutangaza kwamba huko juu mvua ni kubwa, mabwawa yamejaa, sisi wa huku chini tujiandae. Mama hakuhangaika. Yeye na wenzake huvuniana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na yeye alikuwa ameshavuna kwa wote. Zamu iliyobaki ilikuwa yake.

Siku ya zamu akapika uji wa watu wengi, akakaa kivukoni na masufuria. Hakuja mtu. Jua likapanda, uji ukaganda. Nilipofika nikamkuta amekaa vile vile, ameshika upawa. "Sijui nimewakosea nini," akasema.

Nikaenda kwa rafiki yake, mama mmoja ambaye wamekuwa pamoja tangu usichana. Nikamkuta anapepeta, akakwepa macho yangu.

"Mama yako nampenda," akasema, "lakini nina watoto. Siwezi kwenda kuliwa na chui."

"Chui gani, mama?"

"Si wa bango?"

"Bango halikusema chui!"

"Limesema hatari. Na ile picha ni ya nini?"

"Ya nyani."

Akaweka ungo chini ili acheke vizuri. "Nyani! Ala! Nyani mwenye meno yale?"

Nikamweleza. Nikamwambia hatari ni yule anayekudhuru wewe, na hatarini ni yule anayedhuriwa. Nikamwambia tofauti ni hiyo "ni" tu, mwishoni.

"Na hiyo ni iko wapi?"

"Haikutosha."

Akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. Akasema atakuja, ila kwanza mwenyekiti arudi aseme kwa mdomo wake, kwa kuwa mimi nimeshasema mara moja na kila mtu ameona nilivyosema. Nilizunguka kijiji kizima nikifundisha sarufi ya Kiswahili, mimi niliyeandika "Mahamri" ghorofa mbili, na kila mlango jibu lilikuwa hilo hilo. Mwenyekiti naye alikuwa bado Hola, simu yake haipatikani. Nilijisikia vibaya mpaka nikatamani chui awepo kweli, angalau niwe nimesema ukweli.

Aliyenisikiliza mpaka mwisho alikuwa mzee mmoja mfugaji, jirani yetu wa upande wa mbugani, ambaye kila mwaka mama akishavuna huchukua mabua kwa ajili ya ng'ombe wake. Alisimama mbele ya bango na fimbo yake mabegani, akaniacha nieleze yote.

"Kwa hiyo huyu mnyama," akasema, "yeye ndiye anaogopa?"

"Ndiyo, mzee."

"Anaogopa sisi?"

"Sisi."

"Wallahi, basi wewe umekosea upande. Geuza bango, iangalie msitu. Huyu nyani ndiye asome."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akasema punda wake hajui kusoma, kwa hiyo atakuja naye kesho asubuhi.

Nilirudi kwa mama nikamweleza. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akasema, "Na mimi nilikuwa najisifu kwa watu." Akaingia ndani. Afadhali angenipiga kwa ule upawa.

Asubuhi tukavuka watatu na punda. Maji ya mkondo wa zamani yalikuwa yamefika mapajani na yamebadilika rangi, yana povu na vijiti. Tulivuna kama wezi. Mama anavunja mabunzi, mimi nabeba, mzee anafunga magunia. Mimi kazi ya shamba niliiacha nilipojipa jina la fundi, na mwili wangu ulinikumbusha hilo kila nikiinama. Mangabe walikuwa wameshajua kuna jambo. Walikaa kwenye matawi ya pembeni, mmoja ana mtoto kifuani, wakitutazama jinsi tunavyohangaika. Mama hakupiga debe wala hakutukana, na hilo ndilo lililonitia hofu. Maana mama yangu akinyamaza, ujue mambo yameharibika.

Punda alivuka na magunia mara kadhaa, mzee akimwongoza. Mara ya mwisho maji yalimfika tumboni, na alipotoka ng'ambo alikataa kuingia tena. "Maji haina rafiki," mzee akatuambia toka ng'ambo, akimshika punda masikio. "Nyinyi, toka huko!" Akatuletea mtumbwi wa jirani, mdogo, unaoingiza maji kwenye mshono, akausukuma huku ameshika kamba yake mpaka tukaudaka.

Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado imesimama. Tukapakia magunia mawili, mtumbwi ukakaa chini sana. Moja likabaki juu ya dungu, limejaa, limefungwa vizuri. Maji yalikuwa yameanza kupita katikati ya mistari ya mahindi, taratibu, bila haraka yoyote. Mangabe mwenye mtoto alishuka kwenye tawi la chini, akawa analitazama gunia.

Mama alikuwa ameshakaa mtumbwini, maji kifundoni. Akalitazama gunia lile, akanitazama mimi.

Na hapo ndipo nilipofungua mdomo. Sijui kwa nini mtu kama mimi hupewa mdomo. Nilikuwa nimechoka, naogopa viboko, naogopa mtumbwi kuzama, na kichwani nilikuwa nimejaza maneno ya mwenyekiti na ya wale watu wa utafiti. Nikasema kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayejua mambo:

"Tuwaachie hilo, mama. Nao watapata taabu maji yakipanda. Wamebaki wachache sana duniani."

Mama akapangusa uso kwa ncha ya kanga. Hakuwa na hasira, na alikuwa analia waziwazi bila kuona aibu.

"Na mama zako," akaniuliza, "wamebaki wangapi?"

Nilisimama kando ya mtumbwi maji yakinifika kiunoni, upondo wa kuusukumia mkononi.

"Mmoja," nikasema.

"Haya."

Nikamkabidhi upondo, nikarudi kulifuata gunia.