Mitaala Mitatu kwenye Meza Moja

Mwaka tulioamua kuwafundishia watoto nyumbani, habari zilifika kanisani kabla hatujanunua hata penseli. Mama mmoja wa kwaya, mwuguzi kama mimi, alinivuta kando baada ya ibada.

“Dada, watoto wamefukuzwa shule?”

“Hapana. Tumewatoa wenyewe.”

Akanishika mkono kama anayenipa pole ya msiba. “Wazazi wetu waliuza ng’ombe ili tusome. Wewe umevuka bahari hadi Sydney, shule iko pale barabarani, halafu unamkalisha mtoto jikoni?”

Sababu ilikuwa mtoto wetu wa kati, mvulana wa miaka tisa. Kila asubuhi ya shule tumbo lilimuuma hadi akajikunja. Jumamosi alikuwa buheri wa afya. Daktari hakuona kitu. Mwalimu wake alituambia kwamba ni mtoto mtulivu sana, akalisema hilo kama sifa. Mtulivu! Nyumbani hanyamazi hata akipiga mswaki. Basi tukaamua kumtoa. Kisha tukaona si haki kumtoa mmoja, tukawatoa na wenzake: dada yake mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, aliyeipenda shule yake, na kitinda mimba wa miaka sita, aliyependa chochote. Huo ndio usawa wa wazazi: mmoja akiugua, wote wanameza dawa.

Ikaja kazi ya kuchagua mtaala. Nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi wanaofundisha nyumbani kama sisi, katika bustani moja huku kwetu Penrith, magharibi mwa Sydney, nikidhani nitarudi na jawabu. Mama wa kwanza niliyeketi naye aliniambia kwamba mtoto asiyejua Kilatini ni kama nyumba isiyo na msingi. Wa pili, ambaye wanawe walikuwa juu ya mti bila viatu, alisema kumpa mtoto kitabu ni kumdhulumu. Ningoje aulize mwenyewe, ndipo nimjibu. Nikawatazama wangu. Wakiachwa waulize wenyewe, wataulizia chakula.

Mume wangu hakuhitaji mikutano. Yeye alisoma Kenya enzi za paredi, na alishangaa kwamba kuna kitu cha kuchagua. “Mama watoto, elimu ni elimu. Kengele, paredi, kukagua kucha, hesabu.” Kengele ikawa sufuria na mwiko. Kila asubuhi kabla hajakwenda kazini aliipiga uani, watoto watatu wakajipanga mstari kwa urefu huku majirani wakichungulia juu ya ua. Nadhani walifikiri ni dini yetu.

Mimi, kwa woga wa kukosea, nilichukua kila kitu. Mkubwa nikampa mtaala wa Kilatini. Wa kati nikamwandikisha kwenye masomo ya kompyuta yenye katuni inayopiga makofi. Kitinda mimba nikamwagizia sanduku kutoka Marekani, la Kikristo, lenye vitabu vya rangi na mwongozo wa mzazi mnene kuliko vitabu vyenyewe. Nikachora ratiba ukutani, kila mtoto na rangi yake. Nikajiambia: kama ninaweza kusimamia wodi nzima ya wagonjwa, watoto watatu watanishinda nini?

Wagonjwa hulala vitandani, hilo nililisahau. Nikimwelekeza mkubwa, katuni ya wa kati inapiga makofi. Nikienda kuizima, kitinda mimba anataka kujua kwa nini kitabu kinamwambia atoke nje mwezi wa Oktoba, majani yanapopukutika huko Marekani, akaokote majani mekundu. Tulitoka. Nje kulikuwa na mikaratusi, mti ambao hauna habari na msimu wowote, unajichubua magome tu kama mtu aliyeungua jua. Akaokota magome, akayapaka rangi nyekundu, akayabandika daftarini. Mwongozo uliniambia nimsifu. Nikamsifu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinakwenda sawa, nacho hakikuwa kwenye ratiba. Tulikuwa na kuku wanne nyuma ya nyumba, na mtoto wa kati, akishaikimbia katuni yake, alishinda nao. Tumbo halikumuuma tena. Mimi kushinda huko na kuku nilikuhesabu kama utoro.

Mwisho wa mwaka, usajili wetu wa serikali wa kufundishia nyumbani ukafika wakati wa kukaguliwa, na afisa wa elimu akaja nyumbani. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ilikuwa Desemba, feni inazunguka, sote tunatoka jasho. Mume wangu alikuwa amechukua ruhusa kazini na kuwafunza watoto kusimama wima na kuamkia kwa sauti moja. Afisa aliruka kidogo, kisha akaketi.

Alianza na kitinda mimba. “Hebu niambie, sasa ni majira gani?”

“Baridi,” akajibu bila wasiwasi. “Desemba theluji huanguka.”

Afisa akaipangusa shingo kwa kitambaa. “Umewahi kuiona?”

“Bado. Nadhani huyeyuka kabla hatujaamka.”

Nilitamani sakafu inimeze. Mume wangu alikohoa kwa muda mrefu sana.

Kisha afisa akamgeukia wa kati, akamwuliza anapenda somo gani. Mtoto akatazama sakafu, ule utulivu wa kusifiwa ukamrudia. Halafu mtoto akamwuliza afisa kama angependa kuwaona kuku. Wakatoka. Tuliwaona dirishani: yeye anaeleza, anachutama, anaonyesha kwa mikono jinsi kuku anayeatamia anavyogeuza mayai, afisa naye anainama, anauliza, anaandika. Waliporudi, afisa aliniuliza somo lile limo kwenye mtaala upi.

“Huo ni wa kwetu,” nikasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa nimenukuu mwongozo wa mtu.

Akabaki mkubwa. “Na wewe, una furaha hapa?”

Akatutazama, kwanza baba yake, kisha mimi. “Nataka kwenda sekondari,” akasema.

Afisa akatuambia kwamba hilo ni la kuzungumza nyumbani, na kwamba usajili wa wadogo wawili hauna tatizo, ila mdogo afundishwe majira ya huku.

Alipoondoka nilimkalisha binti yangu. “Kwani tumekukosea nini?”

“Hamjanikosea, Mama.” Alinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yao. “Nataka marafiki. Nataka tukae tumtete mwalimu wakati wa mapumziko. Hapa mwalimu ni wewe. Nikikuteta, ni dhambi.”

Baba yake alicheka hadi akafuta macho. Mimi nilicheka pia, lakini usiku ule niliona uchungu. Nilikuwa nimemtibu ugonjwa wa ndugu yake, tena kwa Kilatini.

Likizo ndefu ilipoisha alivaa sare mpya na kofia pana, akakataa kusindikizwa hadi langoni. Jioni baba yake alimngoja sebuleni.

“Umejifunza nini leo?”

“Hamna,” akasema, akafungua friji, kisha akaongea mfululizo hadi chakula kikaiva: mwalimu wa hesabu anavyotembea, msichana mmoja wa Burundi aliyemwambia “mambo” kwenye foleni ya chakula, na ugumu wa kazi ya nyumbani. Alilalamika kwa raha ambayo sikuwa nimeiona mwaka mzima.

Kesho yake sanduku la Marekani lilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akiingoja theluji kwa hamu kuliko sisi. Ratiba niliibandua ukutani, rangi ya ukuta ikang’oka nayo. Wadogo waligombania kiti cha dada yao; wa kati akashinda, akakisogeza dirishani anapowaona kuku. Nikaweka mayai mezani, tukaanza hesabu za sehemu: nusu, robo, na theluthi.