Sababu Tuliyoandika kwenye Notisi

Mama alikuwa na nyumba moja tu ya kukodisha, vyumba vitatu pale Makutano, karibu na hospitali ya mjini Meru, na ndani yake walikaa mwalimu mstaafu na mkewe kwa miaka kumi na minne. Sina neno baya la kusema juu ya wapangaji wale, na hilo ndilo lililonichosha. Hawakuchelewesha kodi, ua waliufagia, hata mfereji ulipoharibika waliita fundi wao wenyewe bila kutusumbua. Kisha figo za Mama zikashindwa. Ikabidi asafishwe damu mara mbili kwa wiki katika hospitali hiyo, naye alikuwa anaishi peke yake Kanyakine, mbali na mji. Alikuwa akifika hospitalini amechoka kabla hata hajafungwa mashine. Mimi nafanya kazi Embu, mbali zaidi. Mama alihitaji nyumba yake. Kwani hilo ni jambo gumu?

Ni gumu. Wakili alinieleza kwamba mpangaji hafukuzwi kama kuku aliyeingia kwenye maharagwe. Unamwandikia notisi, unampa miezi yake, unataja sababu ambayo sheria inaikubali. Tukaandika kwamba mwenye nyumba anaihitaji akae mwenyewe. Mpangaji akikataa, mnakwenda mbele ya baraza la kesi za wapangaji, na ni baraza peke yake linaloweza kuamuru atoke. Mwalimu aliipokea notisi kwa mikono miwili, akanishukuru, akanikaribisha chai. Miezi ikaisha na hakutoka. Nilipomuuliza, alisema kwa upole kwamba anangoja amri ya baraza. Upole wake ulinikera kuliko matusi.

Hapo nikafanya ujinga ambao wenye nyumba wengi wa kwetu wameufanya. Nilikuja Jumamosi na fundi, tukang'oa mlango.

"Kijana yangu," Mwalimu akaniambia, amesimama kwenye lile pengo na sweta lake, "nyumba ni yenu, lakini hii si njia. Sasa umenisaidia kesi."

Na kweli nilimsaidia. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa nimeletewa karatasi ya baraza ya kuniamuru nirudishe mlango na nisimguse mtu hadi kesi isikizwe, miezi mitatu mbele. Nilimlipa fundi yule yule kuupachika. Hakuficha kicheko.

Mama alipopata habari za mlango, alitoka kwenye mashine miguu ikimtetemeka, akaenda moja kwa moja kuwaomba radhi. Mke wa Mwalimu alipomwona hali yake, alimlaza kwenye kitanda cha binti yao aliyeolewa, akampikia ucuru, ule uji wetu wa wimbi. Wiki iliyofuata akalala huko tena. Haukupita mwezi ikawa desturi: kila siku ya kliniki mke wa Mwalimu alimsindikiza hospitalini, akamngoja, akamrudisha kitandani. Mwenye nyumba alikuwa mgeni wa mtu tuliyekuwa tunamfukuza. Nilimpigia Mama simu nikamwambia wakili amesema kulala kwake huko kutatuharibia kesi.

"Huyo wakili wako atakuja kunipikia ucuru?" akauliza, akakata.

Kesi ilisikizwa Embu, kwenye ofisi ya baraza ya ukanda wetu. Mama alikuja na mke wa Mwalimu, wameshikana mikono, nikaona haya mbele ya wakili. Nilimvuta Mama kando nikamwomba jambo moja tu: akiulizwa kama anaihitaji nyumba, aseme ndiyo. Neno moja. Akaitikia kwa kichwa.

Akaapa kwa Biblia. Mwenyekiti wa baraza akamuuliza, "Mama, bado unahitaji hiyo nyumba ukae?"

Mama alimtazama mke wa Mwalimu. "Nilikuwa nahitaji mahali pa kulala," akasema. "Sasa niko na mahali. Hawa watu wamenipea chumba."

Wakili wangu alianza kufunga faili. Mwenyekiti akamuuliza Mama kama anaelewa kwamba kwa maneno hayo ile notisi imekosa sababu, na wapangaji watabaki.

"Naelewa," Mama akasema. "Na wakitoka, nani atanishika mkono nikitolewa kwa mashine? Huyu?" Akaninyooshea kidole. "Huyu ako huku Embu."

Mwenyekiti akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.