Siku Nilipoyavisha Mawe ya Magara

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nafunika uso kwa mtandio, ingawa sasa nina mvi na wajukuu.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Rumonge, nimetoka kusomea kompyuta Bujumbura, kichwa kimeumuka kama unga uliozidi hamira. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mandhari kwa kompyuta: milima, maji, mawe, vitu ambavyo Mungu alikwisha kuviumba lakini mimi nikadhani nitamsaidia. Shirika moja la kulinda ziwa lilimwomba patron wetu mwenye ofisi, Bwana Evariste, filamu fupi ya vikatuni, kisa chake kitokee kwenye mawe ya ufukwe wa Magara. Sharti lilikuwa watu wa Magara wenyewe waonyeshwe kwanza. Wakiikataa, Bwana Evariste anafunga ofisi na kurudi kulima kwa baba yake Bugarama.

Mimi nikapewa mawe.

“Zaina,” patron akaniambia, “jiwe tupu linaonekana kama sabuni. Livishe.”

Alimaanisha ule ukurutu unaoota juu ya mawe ya kale, mabaka ya kijivu, ya njano, ya kijani iliyofifia, yaliyojibandika kama choa kichwani. Shuleni tuliuita likeni. Akaniagiza nikakae na mawe Magara siku tatu. Siku tatu na mawe! Mimi, mwenye diploma! Nilifika, jua likanichoma, harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, ikanifukuza. Nikapiga picha ya baka moja tu, jeupe lenye njano, zuri ajabu, nikarudi mjini siku hiyo hiyo. Haraka haraka haina baraka, lakini methali husikika vizuri mtu akishaumia.

Baka lile moja nikalipaka kwenye jiwe la kwanza, la pili, la mia. Juu, chini, hata ndani ya maji. Kompyuta ikaipika picha tangu asubuhi mpaka alasiri, ikilia kama pikipiki inayopanda mlima. Bwana Evariste akatazama, akakuna kidevu.

“Zaina, una hakika?”

“Patron, hii ni siyansi.”

Siku ya kuonyesha, tulifunga mapazia ya darasa moja pale Magara. Wavuvi na wanawake wanaoanika ndagala wakajazana kwenye madawati. Picha ikatokea ukutani. Wakakodoa macho. Nikadhani wameduwaa kwa uzuri. Ndipo akainuka Mama Furaha, mjane wa Kikongo aliyevuka ziwa zamani na kuanika ndagala pale miaka mingi. Akasogea mpaka ukutani, akanusa. Naam, mwanangu, aliunusa ukuta.

“Mutoto yangu,” akasema, “nani alikuambia upake mavi ya ndege munandi ku mawe yote?”

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mvuvi mmoja alianguka pamoja na dawati lake.

“Mama, hii ni likeni,” nikajitetea. “Inaota.”

“Inaota? Mimi naisugua kila asubuhi mbele ya kuanika! Na hii ya ndani ya maji, munandi alizama akanya kule chini?”

Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Evariste alikuwa ameziba uso, sijui kwa kilio au kwa kicheko, na wageni wa shirika walikuwa wakiandika. Lakini Mama Furaha akanishika mkono kwa vidole vyenye magamba ya samaki. “Usilie. Twende uone.”

Akanivuta ufukweni, darasa zima nyuma yetu. Akanionyesha: hapa mawimbi yanapiga, hakuna kinachoota. Hapa wanawake wanakaa, jiwe limelainika. Kule nyuma, upande wenye kivuli, ndiko yaliko mabaka yenyewe, wala hakuna mawili yanayofanana.

“Hii ilikuwa kama kifungo ya shati wakati nilizaa mutoto wa kwanza,” akasema, akilionyesha baka moja. “Sasa iko kama sahani.”

Nikaligusa. Lilikuwa kavu, gumu, lina kingo kama ramani. Nikapiga magoti kumwomba radhi, na goti likatua sawasawa juu ya kazi ya mnandi.

Shirika likatupa wiki mbili. Nilikaa Magara siku tisa. Jiwe moja tu lilinila siku nzima. Tuliporudi na picha mpya, Mama Furaha aliusogelea ukuta, kisha akamgeukia jirani yake.

“Hii iko jiwe yangu. Naikaliaga hapa.”

Kazi tukaipata.

Basi, mwanangu unayeshinda mbele ya kioo cha kompyuta, nisikilize. Usiige kitu ambacho hujakaa nacho. Diploma hufungua mlango, lakini wenye nyumba ndio wanaojua mvua inavujia wapi. Waulize, maana kuuliza si ujinga. Na ukikosea mbele za watu, usikimbie, kwa kuwa pengine katikati ya wanaokucheka yupo anayetaka kukufundisha.

Mungu akujalie macho yenye subira, na akupe watu wa kukucheka mapema, kosa likiwa bado changa. Amina.