Pikapu ya Baba na Kiu Yake ya Dizeli

Sikuwahi kupenda magari. Nasema mapema, kwa sababu madereva wa kijiwe chetu karibu na Mnazi Mmoja waliniita dada wa pikapu, wakadhani kazi ile naiona tamu. Niliishika kwa ajili ya baba. Kisukari kilipomharibia miguu akashindwa kukanyaga klachi, mimi nilihamia kwenye usukani na yeye akahamia kiti cha kushoto. Tukawa tunatoka hivyo kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, baba na binti yake, kupeleka mizigo ya watu.

Kiti kile ndicho kilichokuwa kinamweka baba duniani. Jumapili, siku ambayo hatukutoka, alilala akitazama ukuta, chai ikapoa pembeni yake na hakuigusa. Ikifika Jumatatu alikuwa ameshaoga kabla sijaamka, kofia kichwani, fimbo mkononi, amekaa kwenye baraza la nyumba yetu ya Kiswahili, moja kati ya chache zilizobaki mtaani baada ya maghorofa kutuzunguka. Nilimshika mkono, nikamwingiza kwenye gari, nikamfunga mlango. Tukifika kijiweni alishusha kioo na baraza lake lilianza. Madereva walipita mmoja mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lile gari lako linagonga mbele kulia. Angalia bushi kabla hujaenda mbali."

Alikuwa ameendesha malori tangu sijazaliwa, na aliweza kusema ugonjwa wa gari kwa kusikia mlio wake tu. Watu wazima walizima injini zao, wakamfuata dirishani kuuliza. Alijibu taratibu, akijua fika kwamba wanamsikiliza. Nilikuwa namtazama kwa pembeni na kufurahi, ingawa sikumwambia.

Shida ilikuwa kwamba pikapu ilikuwa inakunywa mafuta. Ilikuwa ya dizeli, kabini moja, imetoka Japani ikiwa imeshatumika na baba akaitumia tena miaka mingi. Safari yangu ya kudumu ilikuwa kupeleka vyombo vya plastiki Kibaha, mali ya mama mmoja mwenye duka mtaa wa pili kutoka kwetu. Zamani tangi moja lilitupeleka na kuturudisha mara nne. Likawa mara tatu. Halafu ikafika siku tukaishiwa mafuta tukirudi kutoka safari ya tatu, tuko Kimara, baba ndani ya gari juani na mimi natembea na dumu.

Yule mama hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba wenye kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, wanapeleka mzigo kwa bei ya chini, na kama nataka kubaki naye nishuke nilingane nao. Nilijua maana yake. Gari lisiloweza kujilipia mafuta linauzwa, na likiuzwa baba anarudi kutazama ukuta siku saba za wiki. Nilitaka pikapu ile ipunguze kunywa ili baba abaki kwenye kiti chake. Sikuwa na haja nyingine.

Basi nikaanza kuhangaika. Ukitaka kuliwa hela Kariakoo, nenda Gerezani kwenye maduka ya spea ukaseme gari lako linakula mafuta. Wa kwanza aliniuzia chujio la hewa lenye umbo la pia, jekundu, linang'aa. Akasema injini inakosa pumzi, ikipata pumzi itatulia. Ilipata pumzi kweli, maana ilianza kukoroma kila nikikanyaga mafuta. Wa pili akanishauri nikate bomba la moshi niweke pana zaidi, lisilo na kizuia kelele. Nikakata. Kuanzia siku hiyo wazee wa msikitini waliniomba, kwa adabu kabisa, nisiwashe gari karibu na dirisha lao wakati wa sala. Mafuta yakaendelea kwenda vilevile.

Kuna aliyeniuzia vidonge vya kutumbukiza kwenye tangi. Navikumbuka kwa hasira kuliko vyote, kwa sababu nilivinunua mara mbili.

Baadaye nikaambiwa nijaze upepo matairi mpaka yawe magumu, gari liteleze. Liliteleza, na kila shimo tulilisikia kwenye meno. Baba alishika mkono wa mlango njia nzima, Kibaha na kurudi. Jioni nilimkuta anajikanda kiuno mwenyewe. Nikashusha upepo kesho yake.

Halafu nikamruhusu fundi wa barabarani afungue pampu ya dizeli kidogo, ili injini ipate nguvu ya kupanda mlima wa Kisarawe siku tukipata mzigo wa saruji. Tulipanda tukiacha moshi mweusi, bodaboda nyuma yetu wanatukana. Tangi sasa lilikwenda mara mbili na kitu.

Wakati wote huo baba alikuwa na raha zake. Alinitetea kijiweni, akasema binti yake anajifunza gari. Na kila tukipanda Kisarawe alinigusa bega akinionyesha mshale wa joto kwenye dashibodi, umelala chini kabisa.

"Unaona? Injini hii haijawahi kuchemka. Toka niichukue, hata siku moja."

Nilikuwa najibu ndiyo baba, macho barabarani.

Mwishowe dereva mmoja alinielekeza kwa fundi wa Ilala, mtu mzima mwenye gereji ndogo nyuma ya uzio wa mabati. Huyo hakuniuzia kitu. Alimwamkia baba, akaniambia niache injini ikiwa inawaka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tukakaa. Baada ya muda akainuka, akashika mpira mnene wa maji unaokwenda juu ya rejeta, akaubinyabinya.

"Dada, mmetoka Kariakoo sasa hivi?"

"Ndiyo. Na foleni yote ile."

"Mbona haijapata moto?"

Sikumwelewa. Alizima injini, akafungua boliti mbili, akatoa kifuniko kidogo cha chuma na kunionyesha. Ndani hamkuwa na kitu. Alisema hapo panatakiwa pakae themostati, kidude kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Bila hicho maji yanazunguka tangu unawasha, injini inafanya kazi ikiwa baridi, mafuta hayaungui vizuri, na silinda zinalika.

Baba alikuwa anasikiliza kutoka dirishani. Aliinua mkono.

"Hiyo niliitoa mimi," alisema. "Wiki ileile niliyoinunua. Kifaa cha nchi za baridi hicho. Kwa joto hili la Dar kitakuchemshia gari bure." Alimtazama fundi kama mtu anayesubiri kupongezwa. "Nimewatolea watu wengi hapo kijiweni."

Fundi aliinamisha macho. Alijua, kama ambavyo mafundi wote wanajua, kwamba nusu ya magari ya kazi mjini humu yametolewa themostati kwa maneno hayohayo. Alisema kwa upole kwamba zamani watu wengi walifanya hivyo, mzee, lakini si vizuri. Akanigeukia na kushusha sauti. Ataweka mpya na kuirudisha pampu ilivyokuwa, mafuta yatapungua kiasi. Ila injini imeshachoka, imekwenda baridi miaka mingi mno, hawezi kunidanganya.

Ningenyamaza hapo. Kila nikikumbuka, naona nafasi ilikuwepo, fundi amekwenda kutafuta spana, baba amekaa, mimi nimesimama na kile kifuniko mkononi. Lakini nilikuwa nimefikiria lile chujio jekundu, na vidonge, na dumu la Kimara, na wazee wa msikiti, na jinsi mwaka mzima nilivyofanywa mjinga na kila mwenye duka. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Kumbe ni wewe," nilimwambia. "Mwaka mzima nahangaika, kumbe ni wewe umeliua hili gari. Unakaa pale dirishani unafundisha watu, na hujui kitu."

Nilisema mbele ya fundi, na mbele ya wateja wengine wawili waliokuwa wanasubiri magari yao. Mtu wa pwani hasemi hivyo na baba yake hata wakiwa chumbani wawili tu. Mmoja wa wale wateja alijifanya anaongea na simu.

Baba alivua kofia, akaikunja, akaiweka mapajani.

"Nilikuwa sijui, mwanangu," alisema. "Kila mtu alikuwa anatoa."

Tulirudi. Mshale ulipanda kidogokidogo mpaka katikati, ukatulia hapo, nikaona baba ameutazama halafu akageukia nje.

Kesho yake asubuhi barazani hakukuwa na mtu. Nilimkuta kitandani amevaa msuli, anatazama ukuta. Alisema miguu inamuuma leo, nitangulie tu. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo. Siku ya nne niliacha kuuliza kuhusu miguu, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nisamehe. Yalikuwa maneno ya hasira."

"Sina kinyongo na wewe. Ulisema kweli," alinijibu, na akanipapasa kichwa, kitu ambacho hakunifanyia tangu utotoni. "Nenda kazini, utachelewa."

Kama angenifukuza ningeweza kumbembeleza. Alikuwa amekubali, na nilishindwa nishike wapi.

Cha kukera ni kwamba pikapu ilipona kiasi. Nilirudisha chujio la zamani, nikaiondolea lile bomba pana, na tangi likafika safari tatu, mara nyingine zikabaki lita kadhaa za kunifikisha karibu na ya nne. Yule mama wa vyombo alinibakisha. Siku ya kwanza nilipomaliza safari ya tatu na mshale wa mafuta haujagusa chini, nilipita ukumbini mbio kwenda kumwambia baba, viatu miguuni. Alisema alhamdulillahi. Kisha akaniomba nimfungie dirisha, upepo unaingia.

Kijiweni waliuliza mzee yuko wapi. Nikasema anaumwa. Wiki za mwanzo walimtumia matunda, maembe na ndizi ambavyo hakuvigusa. Nikapata wazo, na nililiamini sana. Nilimwomba dereva mmoja, mtu wa makamo aliyempenda baba, aje nyumbani na lori lake lililokuwa linatoa mlio wa ajabu, amuulize. Nilijua baba hawezi kuusikia mlio mbaya akanyamaza.

Alikuja alasiri, akaliacha linanguruma nje ya dirisha la chumba. Hata mimi niliusikia, kama mtu anakwangua sufuria. Nilisimama ukumbini nyuma ya pazia.

"Shikamoo mzee. Nimeleta mgonjwa. Msikilize kidogo, mafundi wamenishinda."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Injini tu ilikuwa inaongea. Nilimwona baba ameinamisha shingo kidogo upande wa dirisha, kama alivyokuwa akifanya kijiweni. Alikuwa ameshaujua ugonjwa. Niliona usoni mwake kwamba ameujua.

"Mpelekee fundi wa Ilala," alisema. "Mimi sijui gari."

Yule dereva alitoka bila kunitazama, akaondoka na lori lake na mlio wake.

Niliendelea kufanya kazi miezi michache, kiti cha kushoto kikijaa maboksi ya vikombe pale nyuma pakikosa nafasi. Ndipo nikajiuliza naendesha kwa ajili ya nani. Kazi niliyoichukua ili baba apate pa kukaa, sasa ilikuwa inanitoa nyumbani kutwa nzima na kumwacha peke yake. Nikaiuza pikapu kwa mtu wa bara, ambaye aliikagua, akaiwasha, akasema injini imechoka lakini inakula mafuta kidogo.

Nilirudi kwa miguu kutoka Ilala, tulikokabidhiana gari. Nilimkuta baba amejigeuza, ametazama mlangoni, na kwa sekunde moja nilidhani atauliza mbona hajasikia gari. Nikamwambia gari nimeliuza.

Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, na nilikuwa sijala, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka aliporudi kuangalia ukuta.