Ng'ombe wa Magokoro

Sauti ilifika kabla ya gari. Pa, pa-pa, pa, kama mahindi makavu yakirukaruka kwenye karai, ikitoka milima ya upande wa Nyamache na kuzunguka bonde zima hata usijue gari lenyewe litatokea wapi. Hadi leo jirani akikaanga mahindi, mimi hugeuka kuangalia barabara.

Ilikuwa Jumamosi, mara yangu ya kwanza kutazama mbio za magari. Sisi ni Wakatoliki, kwa hivyo Jumamosi yetu haikuwa na dhambi. Majirani Wasabato walikuwa kanisani. Binamu yangu Ombati alinishika mkono, tukapita kona nzuri zenye miti ya kukalia, mpaka mbele ya boma la Magokoro. Magokoro ni nyanya kwa Kikisii, na mjane huyu sote tulimwita hivyo. Vijana walikuwa wamejaa juu ya ukingo, simu mkononi.

"Si tungekaa kule kwenye miti?"

"Hapa ndio kuna mambo, Kwamboka. Tulia."

Nikatulia. Tayari katika mawazo yangu nilikuwa dereva mwenye helmeti, mji mzima wa Suneka ukishangilia jina langu. Ndipo nikamwona ng'ombe ng'ambo ya barabara. Kwetu mashamba ni madogo, kwa hivyo ng'ombe hufungwa kamba ale nyasi za kando ya njia. Huyu mwekundu ndiye pekee aliyemsalia Magokoro baada ya wengine kuchinjwa kwenye matanga ya mzee wake. Tangazo la kuondoa mifugo lilisomwa kwetu, misa ya Jumapili. Kanisani kwa Wasabato, anakosali Magokoro, hakuna aliyelipeleka.

"Ombati, twende tumfungue."

"Barabara imefungwa. Unataka kugongwa?"

Kijana mmoja akacheka. "Hiyo kamba nimeipima kwa macho. Inafika katikati."

"Basi leo ni nyama," mwenzake akasema. "Na Magokoro anatuombea huko."

Niliinuka nikimbie. Ombati akanivuta kola mpaka kifungo kikang'oka. Nililia mpaka sauti ikakauka; waliniambia nawaharibia video. Ng'ombe aliposikia ule mlio alikurupuka, kamba ikamrudisha, akabaki barabarani akitutazama. Gari la buluu liliteleza kwenye udongo mwekundu, likampiga miguu ya nyuma, likaendelea na safari yake. Watu wakapiga makofi.

Lilipopita gari la mwisho, visu vikatoka. Siku hiyo sikuona ajabu yoyote. Nilipokua ndipo nikajiuliza ni nani huenda kutazama magari na kisu kiunoni.

Magokoro alirudi, Biblia kwapani, akakuta kichwa na kwato. Wakamwekea kipande cha ini juu ya jani la mgomba.

"Pole, Magokoro. Ni ajali."

"Asanteni, wanangu," akasema, akakipokea kwa mikono miwili.

Jioni kwetu pia kulinukia supu. Saa ya kukamua ilipofika, ndama wa yule ng'ombe alianza kulia kule zizini kwa Magokoro, na hakuna aliyeenda. Nikapenya ua peke yangu, nikachutama kwenye samadi, nikampa vidole viwili. Ulimi ulikuwa mkavu, wa kukwaruza. Alinyonya, akaacha, akanitazama, akaanza tena kwa nguvu zaidi. Viliuma. Sikuvitoa.