Mkono Uliokandwa

Wakati wa utawala wa jeshi nilikuwa nesi katika hospitali moja ndogo ya Kampala, na kazi yangu ilikuwa kuwapima watoto yatima waliokuwa wakiasiliwa na watu wa ng'ambo. Choo kwa ajili ya minyoo, damu kwa ajili ya kaswende, na sindano ya kupima kifua kikuu chini ya ngozi ya mkono. Baada ya siku tatu unapima uvimbe kwa rula. Ukiwa mkubwa, mtoto hasafiri. Wageni wale walitaka mtoto asiye na doa, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Msichana ninayemkumbuka alikuwa na miaka minne. Wazazi wake wapya walikwisha kumtumia koti la sufu, naye alilivaa juani, jasho likimtiririka, akakataa katakata kulivua. Mlezi wake alikuwa bibi mmoja wa Kiislamu, mwenye asili ya pwani kama sisi, shoga wa marehemu mama yangu. Nilimdunga mtoto, nikamwomba bibi amrudishe baada ya siku tatu. Kwamba mkono usiguswe, sikusema. Niliona haya kumwamrisha mtu aliyewahi kuniogesha. Huo ulikuwa ujinga wangu, na mpaka leo sijausamehe.

Bibi alipoona mkono umevimba kidogo, alifanya kile alichofanyiwa kila mtoto kwetu. Alichemsha maji ya chumvi, akachovya kitambaa, akaukanda asubuhi na jioni. Waliporudi siku ya tatu, mkono ulikuwa umeumuka, una lengelenge katikati.

"Nimemkanda vizuri, mwanangu," aliniambia kwa fahari.

Daktari akaandika kifua kikuu. Nilimweleza habari ya maji ya moto, akasema mtoto apigwe picha ya mapafu. Ikiwa safi, atafuta maneno yake. Dawa ya kurudia kipimo ilikuwa imekwisha, na filamu za picha zilibaki mbili tu.

Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa kwenye benchi na koti lake, akingoja, askari wawili walipoingia. Mkubwa wao, aliyebaki nje garini, alikuwa ameteguka mguu.

"Sista, leta filamu yote. Mukubwa iko nangoja."

Kiswahili, lugha ya mama yangu, mjini kilikuwa kimegeuka lugha ya kuamrishwa. Nilijibu, "Ndiyo, afande," nikazitoa zote mbili. Ningeweza kuficha moja. Niliogopa, basi. Mguu wa mkubwa haukuwa umevunjika.

Wazazi wale hawakungoja. Walipewa mtoto mwingine ambaye mkono wake haukuvimba. Bibi alipouliza mtoto ana nini, nilimwambia ni kifua. Dawa za kifua nazo hazikupatikana, kwa hiyo hakumeza hata kidonge kimoja.

Baada ya miezi saba zikaja filamu nyingine. Nilimpiga picha mwenyewe. Mapafu yalikuwa safi kabisa, na hayakuwa na alama ya ugonjwa wowote uliowahi kupita. Mikono ya koti ilikuwa imeshamwishia juu ya vifundo vya mikono.

Nilipaswa kumwambia bibi ukweli kuhusu kosa lake na langu. Nilimwambia, "Amepona."

Alinishika mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

"Nilijua tu, mwanangu," akasema. "Kila jioni nilikuwa namkanda kifua."