Gunia la Kumi

"Mia tano kwa gunia ni ya wanaume," mwenye duka alifoka. "Wewe, Mama Tumaini, mia tatu inakutosha."

Mama huyo mchukuzi alikuwa amesimama mlangoni, gunia la makopa, muhogo mkavu, kichwani, la kumi na la mwisho kutoka kwenye gari lililotoka kijiji cha Mkunya. Mimi nilikuwa nimefuata sabuni tu, na hasira zangu mnazijua, nilishafungua mdomo kumtetea. Mama Tumaini alikuwa kama hatusikii. Alikuwa akitazama televisheni ya dukani: mashindano ya dunia ya kunyanyua vyuma, zamu ya wanawake.

Dada mmoja alikuwa ameinua chuma juu ya kichwa, akitetemeka kidogo kama jani la mkorosho. Ukungu wa asubuhi wa Newala ulituingilia mlangoni taratibu, hata nikaona kama duka na ukumbi ule wa kwenye televisheni ni chumba kimoja.

"Mbona hatui?" Mama Tumaini aliuliza polepole.

"Anangoja waamuzi," nilimjibu. "Akitua kabla ya ishara, hahesabiwi."

Ishara ikatolewa. Dada akaachia chuma, akacheka peke yake kama aliyeota vizuri.

Mama Tumaini hakutua. Alinyoosha shingo, akamgeukia mwenye duka.

"Tua basi, mama, utaumia," mwenye duka alimwambia.

"Shikamoo, mwamuzi," mama alimjibu.

Mimi shule sikufika mbali, lakini sijaona mzani unaouliza gunia limebebwa na nani.

"Magunia kumi," alisema mama, gunia limetulia kichwani. "Nipe elfu tano yangu, ndipo nitue."